Claudius Ptolemaeus, Mtu wa Vioo na wa Mlima wa Mwezi

Zipo jioni chache katika mwaka, mvua ikiisha kunyesha na mawingu yakiisha kuondoka juu ya bonde la Semliki, ambapo watu wa Beni hupata kuuona mlima Ruwenzori upande wa mashariki, kilomita 45 hivi kutoka mji wao. Jua linaloshuka huupiga mlima usoni, na theluji iliyo juu yake hung'aa kana kwamba mtu amewasha taa kule. Lakini theluji haina taa. Nuru ile ni ya jua, nayo theluji huirudisha tu. Mwezi nao ni vivyo hivyo: hauna nuru yake wenyewe, bali huturudishia ile uliyoipokea.

Yapata miaka 1,850 iliyopita, mtu mmoja aliyekaa Aleksandria ya Misri aliandika kwamba katikati ya Afrika kuna mlima wenye theluji, na kwamba maji ya theluji hiyo huingia katika maziwa ambayo mto Nili hutoka. Akauita Mlima wa Mwezi. Hakuuona kwa macho yake, wala hakumjua mtu aliyeuona. Na mtu huyo huyo ndiye aliyepima kwa chombo jinsi sura ya kitu inavyorudi kutoka kioo, akaandika sheria zake. Jina lake Claudius Ptolemaeus. Ndiye tunayemsimulia leo, kwa kuwa maisha yake, kadiri yanavyojulikana, yote yalihusu jambo moja: habari ya kitu inapotufikia kwa kurudishwa na kitu kingine, tutajuaje ukweli wake?

Wengine humdhania kuwa mfalme, kwa sababu wafalme wa Misri wa kabla ya Warumi waliitwa kwa jina hilo hilo, na wachoraji wa Ulaya wa zamani walimchora akiwa na taji kichwani. Hakuwa mfalme. Jina Ptolemaeus lilikuwa jina la kawaida katika Misri, na jina Claudius laonyesha kwamba alikuwa na uraia wa Roma. Aliandika Kigiriki. Hatuambiwi wazazi wake ni nani, wala kama alioa, wala alikula nini. Vitabu vyake kadhaa amevielekeza kwa mtu aitwaye Syrus, na huyo Syrus naye hakuna amjuaye. Twajua miaka yake kwa nyota alizozipima: ya kwanza katika mwaka 127, ya mwisho katika mwaka 141, zamani za Kaisari Hadrianus na Kaisari Antoninus. Kisha, yapata mwaka 146 au 147, aliweka nguzo yenye maandishi ya hesabu zake za mbinguni huko Canopus, karibu na Aleksandria. Basi. Mwenye maisha machache hivi aliacha vitabu ambavyo watu walivisoma kwa miaka 1,400.

Tuanze na vioo. Katika Kiswahili neno kurudi lina kazi nyingi. Msafiri hurudi kwake. Mzazi humrudi mtoto aliyekosa. Mtu aliyepotea njia hujirudi, maana yake hugeuka, akaitazama njia aliyopita, akaipima. Nuru nayo hurudi kutoka maji yaliyotulia. Wasemao Kifaransa hutumia neno moja tu kwa nuru irudishwayo na kwa fikira za mtu apimaye jambo moyoni mwake. Sisi husema kutafakari, lakini neno letu la kurudi haliko mbali na hapo. Ptolemaeus alianza na nuru, akafika kwenye fikira, na yafaa tumfuate kwa njia hiyo.

Vioo vya siku zile havikuwa vya bilauri kama vyetu. Vilikuwa vipande vya madini vilivyosuguliwa hata vikang'aa. Ptolemaeus alitwaa sahani ya shaba iliyo duara, akaigawanya kwa mistari miwili katika robo nne, na kila robo akaitia alama za digrii 90. Katikati ya sahani akaweka vipande vya chuma vilivyosuguliwa: kimoja kimenyooka, kimoja kimebinuka nje kama mgongo wa kijiko, kimoja kimebonyea ndani kama tumbo la kijiko. Akatazama kioo kutoka alama moja ya ukingo, kisha akasogeza kitu chenye rangi upande wa pili wa sahani hata akakiona kimetokea kiooni. Ndipo alipohesabu. Kama alitazama kutoka digrii 30, kitu kilionekana kikiwa kwenye digrii 30 za upande wa pili. Akijaribu 50, kilikuwa kwenye 50. Na ilikuwa hivyo kwa kioo kilichonyooka, kwa kilichobinuka, na kwa kilichobonyea.

Watu wa kabla yake walikwisha kuisema sheria hiyo. Lakini yeye aliijaribu kwa vioo vya namna tatu, na hapo akaonyesha jambo linalostahili kuangaliwa sana. Sheria ni moja, sura si moja. Katika kioo kilichonyooka uso wako ni ukubwa wake. Katika kilichobinuka uso unakuwa mdogo. Katika kilichobonyea unaweza kuwa mkubwa, au kupinduliwa kichwa chini. Kioo hakikudanganya hata kidogo. Kila mwali umerudi sawasawa na sheria. Ila anayetazama asipojua umbo la kioo, atasema uongo huku akidhani anasema alichokiona.

Kosa lake kubwa katika kitabu hicho liko mahali pengine. Alifikiri kwamba macho hutoa mishale yake, ikatoka nje kwenda kuvigusa vitu, mfano wa kipofu anayenyosha fimbo. Wengi wa wakati wake walifikiri hivyo. Ilikuwa lazima kungoja mpaka Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Misri yapata mwaka 1040, aonyeshe kwamba nuru ndiyo inayotoka kwenye vitu na kuingia machoni. Hesabu za vioo hazikuharibika kwa kosa hilo, maana njia ni ile ile ukienda au ukirudi.

Lakini katika kitabu hicho hicho kuna jambo jingine, nalo si jepesi kusamehe. Ptolemaeus alipima pia jinsi mwali unavyopinda ukiingia majini. Kwa digrii 10 za hewani aliandika digrii 8 za majini. Kwa 20 aliandika 15 na nusu. Kwa 30, 22 na nusu. Akaendelea mpaka 80, akaandika 50. Mwalimu yeyote wa hesabu akiziangalia namba hizi ataona kitu. Nyongeza ya kwanza ni saba na nusu, ya pili saba, na hivyo zinapungua kwa nusu digrii kila mara, bila kukosa. Vipimo vya kweli haviji vimenyooka hivyo. Katikati ya orodha namba zake ni nzuri sana, lakini mwishoni maji yenyewe hutoa karibu digrii 48, si 50. Yaelekea alipima, akaona utaratibu fulani, kisha akanyosha alichopima ili kifuate utaratibu aliouona. Hapo kioo kilikuwa yeye mwenyewe, nacho kilikuwa kimebinuka.

Shutuma ya namna hiyo ilimfuata hata katika elimu ya nyota. Kitabu chake kikuu, ambacho Waarabu walikipa jina la Almagesti, kina orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Yeye alisema amezipima mwenyewe. Wengi waliokuja baadaye wamefikiri kwamba alitwaa orodha ya Hipparchus, mtaalamu aliyemtangulia kwa miaka 265 hivi, akaongeza digrii mbili na dakika arobaini kwa kila nyota, kwa kuwa aliamini nyota husogea digrii moja kwa miaka 100. Kumbe husogea digrii moja kwa miaka 72 hivi. Na kweli nyota za orodha yake ziko nyuma ya mahali pake kwa digrii moja hivi. Wapo wanaomtetea, nao wana hoja zao. Mimi naona hakuwa mwongo wa makusudi. Aliamini mno hesabu aliyoirithi, hata alipotazama mbinguni aliona kile alichotazamia kukiona.

Hatutaacha kusema pia kwamba aliandika kitabu cha kubashiri mambo ya watu kwa nyota. Mwandishi mwenye akili kiasi kile, na bado alifikiri sayari zina mkono katika tabia za mtu na siku ya kufa kwake! Tukipita hapo haraka si kwa kumfichia aibu, bali kwa sababu kitabu hicho hakimsaidii mtu.

Kitabu chake kidogo juu ya fikira ni kingine kabisa, na wachache hukisoma. Humo anauliza akili ya binadamu hupambanuaje kweli na isiyo kweli. Anajibu kwa mfano wa baraza la hukumu. Kuna jambo linaloletwa mbele ya baraza. Kuna chombo kinacholeta habari zake, yaani macho, masikio na hisi nyingine. Kuna mwamuzi, ambaye ni akili. Na kuna shabaha ya kesi yote, ambayo ni ukweli. Hisi husema tu kile zilichopatwa nacho. Jicho likisema fimbo iliyo majini imepinda, halikukosa, maana limepokea hivyo. Anayekosa ni mwamuzi anayetoa hukumu kwa shahidi mmoja, pasipo kuita wengine, pasipo kuuliza shahidi alisimama wapi. Kufikiri, kwa Ptolemaeus, ni kuirudisha habari barazani kabla ya kuitoa mdomoni. Asema fikira za ndani zatosha kwa kuhukumu. Maneno ya nje kazi yake ni kuwapasha wengine.

Mambo haya si ya wataalamu pekee. Sisi wa Butembo na Beni tumekwisha kuyalipia. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika eneo letu, ukianzia Mangina, nao haukutangazwa kwisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katika miezi ile habari zilirushwa kutoka mtu hata mtu kama mwali kati ya vioo viwili: kwamba ugonjwa haupo, kwamba umeletwa kwa ajili ya fedha, kwamba chanjo ndiyo inayoua. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wala tusiwahesabu watu wetu kuwa wajinga. Uchaguzi wa rais wa Desemba 2018 uliahirishwa kwa Beni na Butembo hadi Machi, na ugonjwa ukatajwa kuwa sababu mojawapo. Rais mpya akaapishwa Januari bila kura zao. Tena watu walikuwa wameuawa kwa mapanga kando ya Beni miaka minne mfululizo, na magari mengi hivyo hayakuja kwa ajili yao. Mashahidi walikuwapo, na baadhi yao walisema kweli juu ya mateso. Kilichokosekana ni mwamuzi wa kutenga mambo mawili: kwamba umedhulumiwa, na kwamba ugonjwa haupo. La kwanza laweza kuwa kweli, na la pili likakuua. Wako waliofanya kazi hiyo ya kutenga, wauguzi, mapadri, walimu wa dini, akina mama wa mitaa, wakienda nyumba kwa nyumba. Na watu zaidi ya 300,000 wakapokea chanjo.

Turudi kwa Ptolemaeus, tuone alivyokuwa mwamuzi mwenyewe alipoandika jiografia ya dunia. Hakuwa msafiri. Alikaa Aleksandria, mji wa bandari, akapokea habari za mabaharia kama mtu akaaye kwenye kizingiti. Habari za pande zetu zilimjia kwa mkono wa Marinus wa Tiro, aliyekuwa ameandika habari za baharia mmoja jina lake Diogenes. Huyu Diogenes, akitoka Bara Hindi, alichukuliwa na upepo wa kaskazini karibu na rasi ya Somalia, akasukumwa kusini siku 25, akafika karibu na maziwa ambayo Nili hutoka, kaskazini kidogo ya rasi ya Rhapta. Wengi hufikiri Rhapta ilikuwa pwani ya Tanzania ya leo. Jina lake kwa Kigiriki latoka katika neno la kushona, kwa sababu ya vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, ambavyo wazee wa pwani waliviita mitepe.

Marinus aliipokea habari hiyo kama ilivyo, hata maziwa yakaonekana kana kwamba yapo karibu na bahari. Ptolemaeus hakuridhika. Aliuliza wafanyabiashara waliovuka kutoka Arabuni kwenda Azania na Rhapta, nao wakamwambia kwamba maziwa hayako pwani hata kidogo, bali ndani sana ya bara. Akamsahihisha Marinus kwa ushuhuda wao. Hapo, kwa kweli, alitenda alivyofundisha: aliita shahidi wa pili. Kisha akaweka maziwa mawili, na kusini yake akaweka Mlima wa Mwezi wenye theluji inayoyalisha. Wataalamu wengine hushuku kwamba maneno juu ya mlima yaliingizwa na mkono wa baadaye. Lakini yamo katika kitabu kilichotufikia.

Mahali alipouweka hapakuwa pake. Aliuandika kwenye digrii 12 na nusu kusini ya ikweta, ukinyoka digrii kumi toka magharibi hadi mashariki. Na Ruwenzori, kama ndio mlima wenyewe, uko kaskazini kidogo ya ikweta. Amekosea kilomita zaidi ya 1,400. Tena alidhani dunia ni ndogo kuliko ilivyo, kwa kuchagua kipimo kidogo na kukiacha kile kizuri cha Eratosthenes, mtu wa mji wake mwenyewe. Hata hivyo fikiri alichokipata bila kutoka mlangoni: maziwa ya Nili yapo, yako ndani ya bara, na theluji ipo karibu na ikweta. Maji ya Ruwenzori humwagika Semliki, Semliki huingia ziwa Albert, na ziwa Albert hutoa maji yake katika Nili.

Wazungu wa karne ya 19 walikisoma kitabu hicho na bado walishindwa kuamini. Rebmann, mmisionari Mprotestanti wa Rabai, alipoiona theluji ya Kilimanjaro katika mwaka 1848 na kuandika habari zake, wataalamu wa London waliokaa kwenye viti vyao walimcheka, wakisema ameona miamba myeupe. Stanley alipiga kambi upande wa mashariki wa Ruwenzori katika mwaka 1876, asione kitu kwa mawingu. Tarehe 24 Mei 1888, karibu na ziwa Albert, aliona mbali kitu cheupe akadhani ni wingu. Ni kijana aliyekuwa naye aliyemwambia kwamba ule ni mlima uliofunikwa na chumvi. Haikuwa chumvi, lakini kijana alikuwa karibu zaidi na kweli kuliko bwana wake. Wakonzo, ndugu za Wanande wa huku kwetu, hawakuhitaji kuambiwa. Lugha yao ina neno lake la theluji, na jina la mlima latokana nalo. Tarehe 18 Juni 1906 mkuu wa Abruzzi, Mwitalia, alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109. Tangu hapo barafu imepungua sana. Wakati ule ilienea zaidi ya kilomita sita za mraba, na mwanzoni mwa karne yetu ilikuwa chini ya moja. Jiwe jeusi lililobaki wazi halirudishi nuru kama theluji. Hulimeza joto, na barafu iliyo kando yake huyeyuka upesi zaidi.

Ptolemaeus alikufa yapata mwaka 170. Vitabu vyake navyo vilitufikia kwa kurudishwa kutoka mkono hadi mkono. Almagesti ilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, na Gerardo wa Cremona akaifasiri kwa Kilatini huko Toledo, akiimaliza mwaka 1175. Mafundisho yake kwamba dunia imesimama katikati na jua huizunguka yalishikwa mpaka Copernicus alipotoa kitabu chake katika mwaka 1543, naye Copernicus alijifunza ufundi wa hesabu kwa Ptolemaeus kabla ya kumpinga. Kitabu cha vioo kilipata mkosi zaidi. Kigiriki chake kimepotea. Kiarabu kilichofasiriwa kutoka Kigiriki kimepotea nacho. Tulicho nacho ni Kilatini cha Eugenio, amiri wa wafalme wa Sicilia katika karne ya 12, aliyekifasiri kutoka Kiarabu. Yeye mwenyewe hakukipata chote. Sehemu ya kwanza, iliyoeleza jicho na nuru vinavyohusiana, haikuwamo tayari, na sehemu ya tano, ile ya mwali unaopinda, inakatika kabla hoja haijakwisha.